Saa za Kungoja, Saa za Kusoma

(Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya kamati ya kambi, siku ya kufunga siku tatu za kusoma, Bugarama, Agosti 2025)

  

Kwanza kabisa tunawashukuru wenyeji wetu. Mgeni aliyepewa chakula hushukuru mara moja. Sisi tumepewa chakula, mkeka na vitabu, kwa hiyo tunashukuru mara tatu: ahsanteni, ahsanteni, murakoze cyane.

Wengi wetu wa kambini tunaijua Bugarama kwa njia nyingine. Wako waliopita hapa 1996 wakiwa migongoni mwa mama zao. Wako waliovuka Juni 2004, baada ya mapigano ya Bukavu. Wako waliokimbia Februari mwaka huu wa 2025, vita vilipoingia tena Bukavu, nao wangali wanajifunza njia za kambini. Kwa watu hawa jina la Bugarama lilikuwa jina la mahali pa kuandikishwa, pa kunywa maji na pa kuhesabu watoto kama wametimia. Safari hii tulishuka kwenye basi tukaambiwa: karibuni, kaeni, chagueni kitabu. Baadhi ya akina mama walitazamana, maana walidhani wamesikia vibaya.

Tueleze kidogo, kwa ajili ya wale waliobaki kambini watakaosoma maneno haya katika jarida letu, siku hizi tatu zilikuwaje.

Kila mtu anajua joto la Bugarama. Bonde hili liko chini kuliko sehemu nyingine zote za Rwanda, ng'ambo ya mto Rusizi iko Kamanyola, na ng'ambo ya Ruhwa iko Burundi. Mwezi wa nane hakuna anayekaa juani saa saba mchana kwa hiari yake. Kwa hiyo wenyeji walipanga saa mbili: asubuhi kabla jua halijapanda, na alasiri kuanzia saa kumi. Mikeka ilitandikwa chini ya miti. Masanduku mawili ya vitabu yaliwekwa juu ya meza ya shule. Vitabu vya watoto, vingi vya Kinyarwanda, vilipangwa chini kabisa, ili mtoto asihitaji kumwomba mtu mrefu. Jambo dogo hilo la kupanga vitabu kwa kimo cha msomaji tumelipenda sana.

Kwa nini kiangazi? Ndugu zetu waliokwenda kuishi Ulaya na Marekani wametueleza kwamba huko maktaba za mitaa huwaalika watoto kusoma wakati wa likizo ya kiangazi, wanahesabiwa vitabu walivyomaliza na kupewa zawadi ndogo, ili shule ikifunguliwa wasiwe wamesahau. Hapa zamani jambo hilo lisingefaa, kwa sababu mwaka wa shule ulianza Januari na likizo kubwa iliangukia mvua za mwisho wa mwaka. Lakini tangu kalenda ilipobadilishwa baada ya korona, mwaka wa shule wa Rwanda unaanza Septemba, na likizo ndefu imekuja kukaa katikati ya kiangazi. Mvua hakuna, nafasi ipo, watoto wako nyumbani na mama zao wamechoka kuwafukuza mifereji ya mpunga. Mwenye kufikiri jambo hili alifikiri vizuri.

Sasa tuje kwenye lile tulilotumwa kusema, maana hatukupewa nafasi hii ili tuseme ahsante peke yake.

Siku ya kwanza kijana mmoja wa wenyeji alikaa mezani na daftari, akawa anaandika majina ya waliokuja na kuwauliza swali moja: wakati wa mapumziko unapenda kufanya nini? Swali hilo vijana wetu wanalijua. Liko kwenye fomu za shule, liko kwenye fomu za kuomba nafasi ya masomo, na jibu lake wamelikariri: mpira, muziki na kusoma. Mpira ni kweli. Muziki ni kweli. Kusoma huandikwa kwa sababu kunapendeza kwenye karatasi. Lakini yule kijana aliuliza tena, bila ubaya wowote: umesoma kitabu gani sasa hivi? Tuliokuwa karibu tulisikia ukimya wa kutosha. Mmoja alisema jina la kitabu cha jiografia. Mwingine alicheka akasema afute neno kusoma, aandike karata.

Tulicheka wote, na yule wa karata alikuwa wa kwanza kuchagua kitabu. Lakini usiku ule sisi wa kamati tulilizungumza swali lile kwa muda mrefu, kwa sababu ni swali kubwa kuliko linavyoonekana. Watu wa kambini wanafanya nini na wakati wao?

Wageni wanaotutembelea hudhani kwamba sisi tuna wakati mwingi. Wanaona wanaume wameketi. Hawajui kwamba kuketi kule ni kungoja. Tunangoja orodha ibandikwe, tunangoja jina liitwe, tunangoja siku ya posho, tunangoja simu ya ndugu. Mtu anayengoja hawezi kuanza kazi ndefu, kwa kuwa anaweza kuitwa wakati wowote. Anatafuta kitu cha kufupisha saa. Ndiyo maana burudani za kambini zote ni za aina moja: zinaweza kukatwa katikati bila hasara. Karata unaziweka chini. Bao, ambalo hapa huitwa igisoro, unamwachia mwenzako kete. Redio unaizima. Na simu, ambayo siku hizi imezimeza zote tatu, unaitia mfukoni.

Wala hatusemi kwamba burudani hizo ni mbaya. Mzee anayecheza bao vizuri ana akili ya hesabu kuliko wengi waliokwenda shule. Na redio ina heshima yake katika maisha yetu. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari, BBC ilianzisha matangazo ya Gahuzamiryango, yaani kinachounganisha familia, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kusaidia watu waliopotezana kutafutana. Majina yalisomwa hewani. Watu walikaa kimya kuzunguka redio moja wakisikiliza majina yakisomwa, mmoja baada ya jingine, kila mtu akingoja moja tu. Ikiwa kuna mtu anayedhani kwamba watu wetu hawajui kusikiliza kitu kinachosomwa, amkumbuke yule aliyekaa siku nyingi karibu na redio ile.

Tunalotaka kusema ni kwamba katika siku hizi tatu tumeona burudani ya namna nyingine. Nayo haikutushinda kama tulivyodhani ingetushinda.

Alasiri ya siku ya kwanza kilisomwa kwa sauti kitabu cha Adam Shafi kinachoitwa Kuli, kilichotolewa 1979. Kinahusu wachukuzi wa bandari ya Unguja wakati wa ukoloni, kazi yao ya magunia na makasha, ujira wao, na mgomo wao wa 1948. Walioketi kusikiliza mwanzoni walikuwa wanafunzi. Kisha wakapita wanaume wanaopakia mizigo. Bugarama ni mahali pa mizigo: kuna mpunga, na kuna saruji ya CIMERWA, kiwanda ambacho kimekuwa kikifanya kazi tangu miaka ya 1980. Mmoja akasimama na baiskeli yake. Wa pili akasimama. Msomaji alipofika pale panapoelezwa namna mchukuzi anavyojitwika mzigo, mmoja wao alikatiza akasema kwamba mwandishi huyu lazima aliwahi kubeba, la sivyo asingejua. Mwingine akapinga, akasema aliyebeba hana nguvu za kuandika jioni. Walibishana hivyo kwa muda, kitabu kikiwa kimefunguliwa mikononi mwa msomaji, na mwalimu aliyekuwa karibu alitaka kuwanyamazisha ili usomaji uendelee. Mzee mmoja wa hapa alimzuia kwa mkono. Alifanya vyema. Ubishi ule ulikuwa sehemu ya kusoma.

Siku ya pili walirudi, safari hii wamekuja na wenzao.

Vijana wao walichukua Siku Njema cha Ken Walibora, kilichotolewa 1996. Ni kisa cha Kongowea, kijana wa Tanga, mama yake alikuwa mwimbaji wa taarabu, naye anafunga safari kwenda Kenya kumtafuta baba ambaye hakumjua. Hatuna haja ya kueleza kwa nini vijana wa kambi walikishika kitabu hicho. Nakala ilikuwa moja. Walikisoma kwa zamu, kila mmoja ukurasa, na anayekosea neno alikuwa anapoteza zamu yake, sheria waliyojitungia wenyewe na ambayo sisi tuliiona kali kidogo. Msichana mmoja wa kidato cha tatu alikwenda kurasa saba bila kukosea. Alipofika ya nane wavulana walikuwa wanamwombea akosee.

Tuseme na habari ya akina mama, maana hapo ndipo fikira zetu zilipogeuka kabisa.

Tulipowauliza akina mama wa kambini swali lile lile la daftari, wengi walikataa kujibu. Mmoja alisema hajaona wakati wa mapumziko tangu alipoolewa, na mwingine akasema kwamba burudani yake ni kukaa chini. Wakahesabu mbele yetu: maji, kuni, mtoto, mashine ya kusaga, jiko, foleni. Kama kusoma ni kazi ya mtu aliyeketi peke yake kimya na mikono mitupu, basi mama wa kambi hatasoma, na mikutano yetu ya kuhimiza watu wasome haitamwongezea hata dakika kumi.

Lakini iko njia nyingine ya kusoma. Katika viwanda vya sigara vya Havana, nchini Kuba, tangu 1865 wafanyakazi wamekuwa na msomaji. Mikono inakunja tumbaku, masikio hayana kazi, basi mtu mmoja huketi juu ya kiti kirefu akawasomea magazeti asubuhi na hadithi baadaye. Hapo mwanzo wafanyakazi wenyewe ndio waliomlipa, kila mmoja akitoa kidogo kutoka ujira wake, na wenyewe ndio waliochagua kitabu. Watu ambao hawakujua kusoma walivijua vitabu vikubwa vya dunia kuliko matajiri wao. Inasemekana hata sigara maarufu ya Montecristo iliitwa hivyo kwa ajili ya kitabu cha Mfaransa Alexandre Dumas ambacho wakunja tumbaku walikipenda.

Jambo hili si geni kwetu. Msomaji wa kwanza ambaye wengi wetu tulimsikia alikuwa katekista, au mwalimu wa chuo cha Korani, akiwasomea watu waliokuja na ususi wao. Basi siku ya pili, hapa hapa Bugarama, akina mama walileta mchele wa kuchambua. Msichana aliwasomea, wao wakachambua. Mchele ulikwisha kabla ya sura, na hakuna aliyeondoka.

Kamati yetu inataka jambo hilo liende kambini. Haliendi maktaba, maana maktaba hatuna. Liende kwenye bomba la maji na kwenye foleni ya mashine, pale ambapo akina mama wanangoja kila siku. Saa ile ya kungoja ipo tayari, hatuhitaji kuiomba kwa mtu.

Kuna watakaosema kwamba hizi ni ndoto za watu walioshiba wali wa Bugarama. Tunawakumbusha mambo mawili yaliyofanyika katika nchi za jirani, tena kwa watu maskini kama sisi.

La kwanza ni la Tanzania. Rais Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Miaka mitatu baadaye, 1973, ilifanyika kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi vijijini, wakasikiliza kipindi cha redio, kisha mmoja wao akawasomea kijitabu, wakazungumza, wakainuka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Wengi wao walikuwa wamejua herufi juzi tu, na wengine hawakuzijua bado. Wazee wetu waliokaa Kigoma wanasema walivikuta vijitabu kama hivyo katika nyumba za watu, vimechakaa kwa kushikwa.

La pili liko karibu zaidi. Mwanzoni mwa 2014 shirika la Kifaransa la Bibliothèques Sans Frontières, yaani Maktaba Zisizo na Mipaka, pamoja na HCR, walileta Burundi masanduku ya maktaba waliyoyaita Ideas Box. Yaliwekwa katika kambi za Wakongomani: Bwagiriza, Musasa na Kavumu. Ni masanduku ya rangi yaliyobuniwa na mbunifu maarufu, Philippe Starck. Ukiyafungua yanageuka kuwa meza, rafu, viti, kompyuta na skrini ya sinema, na kazi hiyo huchukua muda usiofika dakika 20. Fikira ilitoka Haiti, baada ya tetemeko la 2010. Walioanzisha waliona kwamba mtu akishapata chakula, maji na mahali pa kulala, kitu kinachomdhuru baadaye ni kukaa bila la kufanya. Sisi tungeweza kuwaambia hilo bila tetemeko, lakini ni vizuri kwamba limesemwa na watu ambao wanasikilizwa.

Hatutegemei kuletewa sanduku kama lile. Tunalitaja kwa sababu ya kile kilicho ndani ya fikira yake: kwamba saa za mkimbizi nazo ni mali, zinaweza kuibwa na zinaweza kutunzwa.

Sasa tuseme jambo lililoleta maneno makali katika kamati, na ambalo wengi mmelisikia likinong'onwa ndani ya basi. Ni habari ya fungu la burudani.

Kama mjuavyo, fungu hilo ni dogo. Linatoka kwenye michango ya vilabu vya vijana na sehemu ya kiingilio cha banda la televisheni. Vijana waliomba litumiwe kununua dekoda mpya na kulipia mechi za ligi ya Uingereza, msimu ambao umeanza mwezi huu. Wengine, baada ya kuona mambo ya siku hizi, wakaomba zinunuliwe taa za sola na vitabu, kwa sababu kambini jua likishatua kitabu kinafungwa, mwenye koroboi anaogopa kuunguza shitingi, na mwenye simu anaogopa kumaliza chaji.

Wenye hoja ya dekoda hawakuongea upuuzi. Walisema banda la televisheni linawaweka vijana mahali pamoja ambapo wanaonekana, na kwamba usiku wa mechi hakuna ugomvi wa pombe kwenye njia za kambi. Ni kweli, hata walinzi wa usiku walithibitisha. Walisema pia kwamba mpira ndicho kitu pekee kinachowakutanisha vijana wa Kongo, wa Burundi na wenyeji bila mtu kuandaa semina. Nalo ni kweli.

Lakini wengi wa kamati tuliona hivi. Dekoda inajilipia. Kila anayeingia bandani hutoa kiingilio, na wapenzi wa Arsenal na Manchester hawajawahi kukosa sarafu, hata wiki ambayo nyumbani chumvi imekwisha. Taa haina kiingilio. Hakuna atakayelipa ili akasikie hadithi ikisomwa kwenye bomba la maji. Kwa hiyo fedha ya wote iende kwenye kile ambacho hakiwezi kujitafutia fedha. Vijana wa banda wapewe ruhusa ya kuchangisha wenyewe, na kamati itawaandikia barua ya kuwasaidia. Uamuzi huo ulipita, si kwa wote, na walioupinga bado wanaupinga. Mwenyekiti wa klabu ya mpira yuko hapa, ameketi mstari wa pili na hatabasamu. Tunamheshimu. Yeye pia alisikiliza Kuli siku mbili mfululizo.

Upo upande mwingine wa jambo hili ambao hausemwi sana hadharani. Kambini watu wazima wengi hupewa barua wasizoweza kuzisoma. Ni barua za faili zao, za hospitali, za shule ya mtoto. Wanazipeleka kwa jirani, au kwa kijana wa kibanda cha simu, wasomewe. Siku hiyo hiyo mtaa mzima umejua. Barua ya mtu ni siri yake, lakini siri hiyo iko mikononi mwa anayejua herufi. Tumeona katika siku hizi watu wazima watatu waliokuja kusikiliza hadithi, kisha jioni wakamfuata mwalimu pembeni, mmoja mmoja, kuuliza kama wamechelewa mno kujifunza. Hawakupenda kuulizwa mbele ya watu kwa nini wanataka, na hatutawauliza. Mwalimu amekubali kuwafundisha saa ambayo wengine hawapo.

Kuhusu lugha tutasema kwa ufupi. Watoto wetu shuleni wanasoma Kinyarwanda na Kiingereza. Nyumbani wanasikia Kiswahili, Kinyamulenge, Kifulero, Kibembe na Kishi. Wazee wana Kifaransa chao cha zamani. Matokeo yake mtoto anasoma hadithi nzuri kwa Kiingereza na hawezi kumsomea bibi yake. Kiswahili tangu 2017 ni lugha rasmi ya Rwanda, na kinafundishwa sekondari, lakini vitabu vya kusoma kwa kujifurahisha ni shida kuvipata. Katika masanduku yale mawili vya Kiswahili tulivihesabu kwa vidole. Kwa hiyo tunaomba: ndugu yeyote anayesafiri kwenda Kigoma, Dar es Salaam au Nairobi, akitaka kutuletea zawadi, asituletee kanga peke yake. Alete na kitabu, hata kilichotumika, hata kisicho na jalada. Vya watoto kwanza.

Wenyeji wetu wamekubali kutuazima sanduku moja hadi shule zifunguliwe, na baada ya hapo tutazungumza tena. Wamelitoa bila kutudai dhamana, wakiwa wanajua kwamba sisi ni watu wanaoweza kuhamishwa wakati wowote. Kwa ajili ya imani hiyo tumeweka masharti sisi wenyewe. Vitabu havitalala chini, kwa sababu ya mchwa. Havitawekwa karibu na jiko. Anayechukua kitabu anaandikwa jina na nambari ya nyumba, na akipata safari ya ghafla, hata iwe ile safari ambayo kila mtu anaiomba Mungu, anakirudisha kwanza ndipo anafunga begi. Ufunguo wa sanduku hautakaa kwa mwenyekiti wa kamati, maana mwenyekiti yuko mikutanoni kila siku. Utakaa kwa mama anayesimamia bomba la maji la mtaa wa tatu, ambaye hupatikana tangu alfajiri na ambaye hakuna mtu kambini aliyewahi kumdanganya.

Wasomaji wamejitolea saba, wasichana wanne na wavulana watatu. Wawili kati yao ni wachezaji wa klabu ya mpira. Watabadilishana zamu. Yule msichana wa kurasa saba atakuwa wa kwanza.

Siku za kusoma kambini zitakuwa Jumanne na Alhamisi, saa kumi alasiri, penye bomba hilo hilo. Kuli tumeiacha kabla ya mgomo, na wachukuzi wa Bugarama wametuagiza tuwapelekee habari ya namna ulivyokwisha, ingawa mmoja anasema hataki kuambiwa, atapanda baiskeli aje asikie mwenyewe. Mwenye mchele wa kuchambua au maharagwe ya kumenya aje nayo. Watoto wakae mbele. Basi letu linaondoka saa kumi na moja, tafadhali tusaidiane kuikunja mikeka.